Mgonjwa akikataa chakula, nani aamue?

Juni 2012, Jaji Peter Jackson wa Mahakama ya Ulinzi ya Uingereza, inayoshughulikia watu wasioweza kujiamulia, alitoa uamuzi kuhusu mwanamke wa miaka 32 ambaye kumbukumbu za mahakama zinamtaja kwa herufi moja tu: E. Alikuwa mtu mwerevu, aliyewahi kusomea udaktari. Anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula, ilimwanza akiwa bado mtoto. Kufikia wakati ule alikuwa hali kabisa, anakunywa maji kidogo kidogo, na waliokuwa wakimhudumia walikuwa wamebakiwa na kazi ya kumpunguzia mateso wakisubiri mauti. Wazazi wake walikuwa wamehangaika naye kwa miaka mingi. Waliiambia mahakama kwamba binti yao ameteseka vya kutosha, aachwe aende kwa heshima. E mwenyewe alikuwa ameshatia saini hati ya kukataa matibabu. Jaji aliwasikia wote, kisha akaamua kinyume chao: alishwe, hata kwa nguvu ikibidi.

Oktoba ya mwaka huohuo, Jaji Eleanor King alipokea kesi ya L, mwanamke wa miaka 29 mwenye ugonjwa huohuo, ambaye tangu akiwa na miaka 14 alikuwa ameishi zaidi hospitalini kuliko nyumbani. Mahakama ileile na sheria ileile. Safari hii uamuzi ulikuwa kwamba asilazimishwe kula.

Mtu anayesoma hukumu hizi mbili kwa haraka atadhani jaji mmoja alikosea. Mimi nadhani wote wawili walikuwa sahihi. Suala la kumtibu kwa lazima mgonjwa wa namna hii lina maswali matatu ndani yake, na watu wengi huyabeba yote kama swali moja. La kwanza: sheria inaruhusu? La pili: mgonjwa ana uwezo wa kuamua mwenyewe? La tatu: kumlazimisha kutamfikisha wapi? Hilo la tatu ndilo linalobeba uzito wote, na ndilo linaloulizwa kwa kuchelewa.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Anoreksia si msichana anayetaka kupungua ili avae gauni la harusi. Ni ugonjwa wa akili ambao mgonjwa hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa isiyotulizwa na kioo, mizani wala maneno ya mama. Mara nyingi huanza katika ujana. Huwapata wasichana zaidi, lakini wavulana na watu wazima pia huugua, na hao huchelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayewatazamia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliojumlisha tafiti 36, ulionyesha kwamba wagonjwa wa anoreksia hufa kwa kiwango kinachozidi mara tano kile cha watu wa umri na jinsia yao. Katika kila vifo vitano, kimoja kilikuwa cha kujiua. Ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Nimeamua kutotaja katika makala hii uzito wa mgonjwa yeyote wala kiasi alichokuwa akila, kwa sababu wanaougua huzichukua namba hizo na kushindana nazo.

Jina la anoreksia nervosa tulipewa na William Gull, daktari wa London, katika miaka ya 1870. Wakati huohuo Charles Lasègue wa Paris alikuwa akiueleza ugonjwa uleule kwa namna yake. Ushauri wa Gull ulikuwa mfupi: mgonjwa alishwe kwa saa maalumu, azungukwe na watu wenye mamlaka juu yake, na ndugu na marafiki wakae mbali kwa kuwa ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Wazo la kulazimisha, kwa hiyo, lina umri uleule wa ugonjwa wenyewe kama udaktari unavyoujua.

Sasa tujiulize kwa nini mtu huyu alazimishwe wakati mwingine anayekataa chakula haguswi. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa wa Kenya waliketi Uhuru Park jijini Nairobi, Wangari Maathai akiwa nao, wakagoma kula wakidai wana wao waachiliwe. Maadili ya udaktari yanawalinda watu kama wale. Azimio la Malta la mwaka 1991, la Chama cha Madaktari Duniani, linamkataza daktari kumlisha kwa nguvu mgomaji mwenye akili timamu. Mgomaji ana dai. Likitimizwa, anakula. Anayeumwa anoreksia hana dai ambalo serikali au mzazi anaweza kulitimiza ili aanze kula. Wengi wao hawataki kufa. Ukiwauliza watakwambia wanataka kumaliza chuo, kuolewa, kupata watoto, na palepale hawawezi kumeza kijiko cha uji. Mgongano huo ulio ndani ya mtu mmoja ndio sheria inaojaribu kuushughulikia.

Katika England na Wales, ambako nimechagua kubaki kwa sababu ndiko hoja hizi zilikojadiliwa mahakamani kwa kina, kuna sheria mbili, na mchanganyiko mwingi hutokana na watu kuzifanya moja.

Ya kwanza ni Sheria ya Afya ya Akili ya 1983. Kwa kifungu cha 2 mtu anaweza kuwekwa hospitalini hadi siku 28 ili achunguzwe. Kwa kifungu cha 3 anaweza kushikiliwa hadi miezi 6 kwa matibabu, na muda huo unaweza kuongezwa. Madaktari wawili hutoa maoni yao, lakini ombi lenyewe kwa kawaida hupelekwa na ofisa aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, mara nyingi mtu wa ustawi wa jamii, ambaye halazimiki kukubaliana na madaktari. Wanaangalia kama kuna ugonjwa wa akili wa kiwango cha kuhitaji hospitali, kama kumshikilia ni lazima kwa afya au usalama wake au wa wengine, na kama matibabu yanayofaa yapo. Tazama kisichoulizwa: hakuna anayetakiwa kuthibitisha kwamba mgonjwa hawezi kujiamulia. Mtu mwenye saratani akikataa upasuaji huku akili yake iko sawa, hakuna wa kumgusa. Mwenye ugonjwa wa akili anaweza kutibiwa ugonjwa huo bila ridhaa hata kama anajieleza vizuri kuliko daktari wake. Wako wanaoona huu ni ubaguzi wa wazi, na siwalaumu. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ilitoa maelezo mwaka 2014 ikizitaka nchi ziache kumwamulia mtu badala yake, zimsaidie kuamua mwenyewe. Uingereza, Kenya na Tanzania zote zimeridhia mkataba huo, na zote bado zina sheria zinazoruhusu kumlaza mtu hospitali ya akili bila ridhaa yake. Ya Tanzania ni ya 2008. Kenya iliifanyia yake marekebisho mwaka 2022.

Ya pili ni Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005. Hii huanza upande wa pili kabisa. Kila aliyefikisha miaka 16 anahesabiwa kuwa na uwezo wa kuamua mpaka ithibitishwe vinginevyo, na uamuzi wa kijinga peke yake si ushahidi kwamba uwezo haupo. Kuhukumiwa kuwa huna uwezo ni lazima ushindwe mojawapo ya mambo haya: kuelewa taarifa, kuikumbuka, kuipima ili ufikie uamuzi, au kuuwasilisha uamuzi huo. Ukionekana huna uwezo, wengine huamua kwa kuangalia lenye manufaa kwako, na manufaa hayo hayahesabiwi kwa afya ya mwili tu. Hisia zako, imani yako na mambo uliyoyathamini vinaingia katika hesabu. Kesi za E na L ziliamuliwa kwa sheria hii.

Hapo katikati palikuwa na kizingiti kimoja ambacho leo tunakipita bila kukiona. Sheria ya 1983 inaruhusu kutibu ugonjwa wa akili. Je, chakula ni dawa? Mwaka 1993, katika kesi ya kijana aliyepoteza fahamu kabisa baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough, majaji wa juu kabisa wa Uingereza walisema kwamba kulisha kwa mpira, yaani bomba laini linalopitishwa puani hadi tumboni, ni matibabu. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaenda hatua moja mbele katika kesi ya mwanamke mwenye anoreksia: kumlisha kwa mpira ni sehemu ya kutibu ugonjwa wake wa akili, kwa kuwa akili yenye njaa haiwezi kutibiwa kwa njia nyingine mpaka mwili ulishwe. Tangu hapo, aliyeshikiliwa kwa kifungu cha 3 anaweza kuwekewa mpira wa puani bila hakimu kuulizwa.

Ndiyo maana kesi zinazofika mahakamani huwa na sura ambayo watu wa nje hawaitarajii. Madaktari wanaotaka kulazimisha hawahitaji jaji mara nyingi, sheria imeshawapa ruhusa. Wanaokwenda kwa jaji, mara nyingi, ni wale wanaotaka kuthibitishiwa kwamba kuacha kulazimisha ni halali na hawatashtakiwa mgonjwa akifa.

Swali la pili, la uwezo, ndilo linalonisumbua zaidi mimi binafsi. Mgonjwa wa anoreksia anaweza kukueleza kemia ya mwili wake. Anajua moyo unaweza kusimama. Anakumbuka, anaongea kwa ufasaha, anakusahihisha ukikosea. Jacinta Tan na wenzake wa Oxford waliwahoji wagonjwa hawa kwa kina na kuwapa mtihani wa kawaida wa kupima uwezo wa kuamua. Matokeo yao yalikuwa mazuri. Lakini katika mazungumzo baadhi yao walisema kuwa wembamba ni jambo kubwa kwao kuliko karibu kila kitu, hata kuliko uhai. Hawakukosa taarifa. Kilichobadilika ni thamani ya vitu, na haijulikani kwa urahisi kama thamani hizo ni za mtu au ni za ugonjwa. Mahakama za Uingereza zimekuwa zikijibu kwamba hofu ya uzito ni kubwa kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuipima taarifa nyingine yoyote pembeni yake. Ndivyo ilivyosemwa kwa E, na ndiyo sababu hati aliyotia saini haikukubaliwa: ilionekana hata siku ile ya kuitia saini uwezo huo hakuwa nao.

Jibu hilo nalikubali kwa tahadhari. Tukizoea kusema "huyu hana uwezo kwa sababu anathamini kitu ambacho sisi hatukithamini", kesho tutamwambia hivyohivyo mtu wa dini ndogo au mzee aliyechoka hospitali. Kinachonifanya nikubali katika anoreksia ni ushahidi wa kile ambacho njaa hufanya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua wanaume vijana 36, wenye afya, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamira zao, wakakubali kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili sayansi ijue namna ya kuwarudisha watu waliokumbwa na njaa huko Ulaya. Walichaguliwa kwa uimara wao wa akili. Baada ya miezi kadhaa walikuwa wakiota chakula, wakisoma vitabu vya mapishi, wakigeuza mlo mdogo kuwa ibada ya saa nzima. Walijitenga, wakawa na hasira, wakazama katika huzuni, na mmoja alijikata vidole kwa shoka. Hakuna kati yao aliyeanza na ugonjwa wa ulaji. Kumbe sehemu kubwa ya tabia tunazoziona kwa mgonjwa ni kazi ya njaa yenyewe, na sehemu hiyo chakula huiondoa. Hapo ndipo hoja ya kulazimisha inapopata nguvu yake halisi: mlishe kwanza, kisha muulize tena.

Lakini kumlisha kukoje? Watu wanaposema "si wamlishe tu" hawajui wanachokisema. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla unaweza kufa kwa chakula hichohicho. Sukari inapoingia, insulini hupanda, na madini ya fosfeti, potasiamu na magineziamu hukimbilia ndani ya seli. Damu inabaki bila madini hayo, na moyo hupoteza mpigo. Madaktari waliyaona hayo kwa wafungwa wa kivita walioachiliwa mwishoni mwa vita ileile ya dunia. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, hupewa vitamini B1, na mtaalamu wa lishe hupandisha kiwango kidogo kidogo. Haifanyiki nyumbani, na mzazi asijaribu.

Halafu kuna upande ambao vipimo vya damu havionyeshi. Mgonjwa akikataa mpira, wauguzi humshika. Mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, mwingine miguu, mwingine kichwa, huku mpira unapitishwa puani hadi tumboni na yeye anapiga kelele. Inaweza kurudiwa siku hiyohiyo. Kwa mwanamke aliyewahi kudhalilishwa utotoni, kama ilivyokuwa kwa E, kushikwa hivyo kunagusa jeraha la zamani. Na wanaoshika nao ni watu. Serikali za Uingereza na Kenya zilitia saini mwaka 2021 makubaliano ya kupeleka wauguzi wa Kenya huko, kwa hiyo mikono hiyo huenda ikawa ya dada yako au mwanafunzi mwenzako wa zamani, aliyesomea uuguzi ili awafariji watu. Nadhani kila anayepitisha uamuzi wa kulazimisha angepaswa kwanza kukaa chumbani mle na kuangalia.

Je, inasaidia? Kwa muda mfupi, ndiyo. Katika utafiti wa chuo kikuu cha Iowa uliochapishwa mwaka 2000, wagonjwa 66 kati ya 397 walilazwa kwa amri ya sheria. Uzito wao uliongezeka sawasawa na wa waliokuja kwa hiari, na wengi wao baadaye walikubali kwamba kulazwa kulihitajika. Utafiti mwingine wa hospitali ya Johns Hopkins, wa 2007, uliwafuata walioingia wakisema hawahitaji kulazwa. Ndani ya wiki mbili tu, zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamebadili mawazo. Kwa mgonjwa kijana, mwenye miaka michache ya ugonjwa, matokeo haya ni hoja nzito. Mtu aliyekuwa akikupigia kelele Jumatatu anaweza kukushukuru mwezi ujao, na wengi wanashukuru.

Kwa muda mrefu picha ina ukungu. Mwaka 1999 madaktari wa London, akiwemo Gerald Russell, yule aliyeuelezea ugonjwa wa bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) kwa mara ya kwanza mwaka 1979, walilinganisha wagonjwa 81 waliolazimishwa na 81 waliokuja wenyewe. Wote waliongezeka uzito, ila waliolazimishwa walichukua muda mrefu zaidi. Miaka mitano na ushei baadaye, vifo vilikuwa vingi zaidi kwa waliolazimishwa. Hiyo haithibitishi kwamba kulazimishwa kuliwaua. Walikuwa wamelazwa mara nyingi zaidi kabla ya hapo, na wengi zaidi kati yao walikuwa wameteswa utotoni. Lakini inatosha kumnyima mtu yeyote haki ya kusema kwamba amri ya kulaza ni tiba. Amri hununua muda. Muda huo usipotumiwa kutibu kilichomfanya mgonjwa akimbie chakula, uzito hushuka tena na amri ya pili huandikwa, kisha ya tatu.

Katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, Tan na wenzake walizungumza na wagonjwa 29, wanawake vijana. Wengi waliona ni sawa kumlazimisha mtu ili kuokoa uhai wake. Walichokilalamikia hakikuwa kile ambacho wanasheria wangekitarajia. Uchungu wao haukulingana na idadi ya vizuizi walivyowekewa. Wodi yenye masharti makali lakini yenye muuguzi anayekueleza anachofanya na kukuita kwa jina lako waliivumilia. Wengine, ambao kwenye karatasi walikuwa wa hiari, walijisikia wamefungwa, kwa sababu kila siku waliambiwa: usipokula tutakushikilia kisheria. Kitisho hiki cha pembeni kinanitia wasiwasi kuliko amri rasmi. Aliyeshikiliwa kwa sheria ana haki ya kwenda mbele ya baraza huru kupinga, ana haki ya kupewa mtetezi, na jalada lake lina tarehe ya mwisho. Aliyekaa kwa hofu hana chochote cha hayo.

Sasa turudi kwa majaji. Kwa L, madaktari walieleza kwamba viungo vyake vilikuwa vimechoka kiasi kwamba kumtuliza kwa dawa na kumlisha kwa nguvu kungeweza kummaliza. Kulazimisha kusingemfikisha popote ila kaburini, kwa njia ya maumivu zaidi. Kwa E palikuwa na wataalamu walioamini nafasi ya kupona ipo, ingawa ndogo, na aina fulani ya matibabu hakuwa amewahi kuipata. Jaji Jackson aliandika kwamba tunazaliwa mara moja na tunafa mara moja, na tofauti kati ya uhai na mauti ndiyo kubwa kuliko zote tunazozijua. Sentensi hiyo ndiyo iliyonukuliwa magazetini. Iliyonigusa mimi ni nyingine, mwishoni mwa hukumu: alisema serikali iliyoanzisha mpango huu inapaswa kuufikisha mwisho, kwa huduma za sasa na za miaka ijayo, na kwamba bila ahadi hiyo ya mamlaka asingefikia uamuzi aliofikia.

Jaji huyohuyo, mwaka 2016, aliletewa kesi ya mwanamke wa miaka 28 kutoka Wales aliyekuwa na ugonjwa huu tangu utotoni na aliyekaa wodini zaidi ya miaka miwili katika kulazwa kwake kwa mwisho bila mafanikio. Hapo alikubali aruhusiwe arudi nyumbani kwao, kwa kuwa kila kilichoweza kujaribiwa kilikuwa kimejaribiwa. Mwaka 2020 Jaji Jennifer Roberts alifikia uamuzi kama huo kwa mwanamke mwingine wa umri huohuo, aliyegunduliwa kuwa na anoreksia akiwa na miaka 13. Ukizipanga kesi hizi pamoja unaona majaji hawabahatishi. Wanauliza kama kuna kitu upande wa pili wa mateso.

Swali hilo linaniogopesha pia, nalisema wazi. Mwaka 2022 madaktari wawili wa Marekani na mwandishi mwenzao walipendekeza kwamba kuna wagonjwa wachache ambao anoreksia yao ihesabiwe kuwa ya mwisho, kama saratani iliyoenea. Madaktari wengine wengi walipinga vikali, wakisema hakuna kipimo kinachoweza kukuambia nani hatapona, na wapo waliopona baada ya miaka ishirini. Niko upande wa wapingaji. Kuacha kumlazimisha mtu aliyechoka ni jambo moja. Kumwambia kwamba ugonjwa wake hauna mlango wa kutokea ni jambo lingine, na kijana wa miaka 19 atalisikia neno hilo pia ingawa halikusemwa kwake.

Kwa watoto sheria ni kali zaidi. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya msichana wa miaka 16 aliyekataa kuhamishiwa kituo maalumu. Sheria ya 1969 inampa wa umri huo haki ya kukubali matibabu, lakini mahakama ilisema haki ya kukubali haimpi uwezo wa kuyazuia matibabu ambayo mahakama imeyaidhinisha. Alihamishwa. Bahati nzuri, kwa vijana wa umri huu ipo tiba isiyohitaji wodi kwa wengi wao, na ilikuzwa katika hospitali ya Maudsley, London, kuanzia miaka ya 1980. Wazazi, walewale ambao Gull alitaka wafukuzwe, hufundishwa kuchukua usimamizi wa milo yote nyumbani mpaka mtoto apate nguvu, kisha humrudishia mamlaka hayo polepole. Ni kazi ya kuchosha mno. Kuna lazima ndani yake, lakini ni lazima inayotoka kwa mtu anayempenda mtoto na atakayekuwepo kesho.

Kuna jambo linalonikera katika mjadala huu mzima. Tunabishana kuhusu wanaolazimishwa kuingia hospitali, na tunawasahau wanaogonga mlango na kurudishwa. Desemba 2017 ofisi ya Uingereza inayochunguza malalamiko dhidi ya huduma za afya ilitoa ripoti kuhusu kifo cha mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka 19 kilichotokea mwaka 2012. Kila taasisi iliyomhudumia ilimwangusha, na kifo chake kingeweza kuzuilika. Mwaka huohuo wa 2017 mwongozo wa kitaifa wa matibabu uliwaonya madaktari wasitumie kipimo kimoja, kama uwiano wa uzito na urefu, kuamua nani apewe huduma. Lakini wagonjwa wanaendelea kusimulia kwamba waliambiwa hawajakonda vya kutosha. Anayeambiwa hivyo hurudi nyumbani kuhakikisha anatosha. Miezi kadhaa baadaye analetwa kwa gari la wagonjwa, na sasa hakuna muda wa kumshawishi. Lazima nyingi zilizaliwa siku mtu alipokataliwa kwa hiari yake.

Kwa familia zetu zilizoko England na Wales, liko jambo moja la sheria linalohitaji kujulikana mapema. Sheria ya 1983 inamtambua ndugu mmoja tu wa mgonjwa, anayeitwa ndugu wa karibu kisheria, na haimjui yule ambaye ukoo umemteua kusema kwa niaba ya wote. Orodha huanza na mume au mke, kisha mtoto aliyefikisha miaka 18, kisha mzazi. Mjomba na shangazi wako chini sana. Baba na mama wakiwepo, huchukuliwa mwenye umri mkubwa, isipokuwa mgonjwa anaishi na mmoja wao au anatunzwa naye. Mzazi aliyebaki Mombasa au Tanga hahesabiwi kabisa, kwa kuwa ndugu huyo lazima awe mkazi wa huko ikiwa mgonjwa mwenyewe ni mkazi wa huko. Tume iliyoongozwa na Simon Wessely ilipendekeza mwaka 2018 mgonjwa amchague mwenyewe mtu huyo, pendekezo zuri kwa binti ambaye anayemwelewa zaidi ni shangazi yake.

Uwezo wa ndugu huyo si mdogo. Akipinga mtu wake kushikiliwa kwa kifungu cha 3, ombi haliwezi kuendelea mpaka mahakama imwondoe katika nafasi hiyo. Nimeona mzazi akiutumia uwezo huu kwa hasira ya siku moja, akidhani anamwokoa mwanawe na watu wa hospitali ya akili. Afadhali kabla ya kukataa amuulize daktari mpango wa mwezi wa kwanza na wa mwezi wa sita. Nani atamtibu hofu yake, si uzito wake tu? Akitoka, atakwenda wapi, na nani atamwona wiki ya kwanza? Kwa aliyeshikiliwa kwa kifungu cha 3, jibu la swali hili la mwisho halitolewi kwa hisani ya mtu. Kifungu cha 117 cha sheria hiyohiyo kinailazimisha huduma ya afya na halmashauri ya eneo kumpa matunzo baada ya kutoka, bila malipo, mpaka zote mbili zijiridhishe kwamba hayahitaji tena. Kikao cha kuyapanga kinapaswa kufanyika kabla ya kuruhusiwa kwake, na familia inaweza kuomba iwemo.